Herpesi, lumbesa na baba mkwe

Joyce, nimeharibu. Nimejifungia chooni huku Kinyala kwa kina Lutufyo. Ndiyo siku ya kujitambulisha kwa wakwe, na nimeharibu!

Mama yake ana vile vidonda vya mdomoni, vya homa. Si mimi nesi? Nikaropoka, "Mama, hiyo ni herpesi."

HERPESI. Kwa mama mkwe!

Wifi akadondosha kijiko. Mama akauliza taratibu, "Ule ugonjwa wa zinaa?"

Nikaanza kujiokoa. Nikasema hapana mama, hiki kirusi wengi tunakipata utotoni, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu. Kikiamka kinanakili DNA yake, nakala zinaungana kama kamba moja ndefu, halafu inakatwa, kila kipande kinasukumiwa kwenye ganda dogo kwa nguvu zote.

Wananitolea macho tu. Nikamalizia, "Yaani kama gunia la lumbesa, lile la viazi linaloshindiliwa mpaka linaota kichwa!"

Joyce, wote wakageukia mlango wa chumba cha pili.

Nani hakuniambia kwamba baba yake anauza viazi, na juzi gari lake lilikamatwa kwa lumbesa, ule ujazo uliopigwa marufuku? LUTUFYO. Na mzee yupo chumba cha pili anasikia kila kitu, maana kimila hapa mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani wala kusemeshana.

Mara sauti ikatoka kule ndani: "Muulizeni mkwe wangu, na hicho kirusi huwa kinakamatwa?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mimi nimekimbilia chooni.

Lakini Joyce, rudia kusoma. Kasema MKWE WANGU.