Uvimbe wa Mama Haukutumwa na Mtu

Mtaa wa Sogea,
Tunduma, Songwe.
14 Julai 2024

Mpendwa Kaka Osward,

Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, wewe na nyumba yako yote hapo Kitwe. Wifi Mercy anaendeleaje na ile miguu iliyokuwa inamvimba? Gibson bado anaongea Kibemba kitupu, au ameanza kukujibu kwa Kinyiha ukimsemesha?

Sisi tupo. Siwezi kusema wazima, nasema tupo. Baridi ya mwaka huu imetukamata vibaya, na mimi mdogo wako nimechoka uchovu ambao nikilala naamka nao.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu mtandao hukatika kila nikikaribia jambo lenyewe, na usipokatika, wewe unakasirika kabla sijamaliza. Felix, jirani yetu anayeendesha lori la kwenda Ndola, amekubali kukufikishia. Tafadhali isome yote ndipo useme.

Habari za Mama unazo nusu. Unajua kwamba alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, na kwamba aliuficha chini ya kitenge mpaka Shangazi Imelda alipouona akimsaidia kuoga. Shangazi ndiye aliyenipigia simu, na ndiye aliyemlazimisha Mama akubali kupanda gari kwenda Mbeya. Nadhani hili hukuambiwa.

Kule hospitali daktari alikata kipande kidogo cha uvimbe kikapelekwa maabara. Tukarudi nyumbani Isansa kusubiri. Katika kusubiri huko ndipo Baba Mdogo Efraimu alipovuka mpaka kwenda kwa yule mganga wake, akarudi na jibu lake kabla ya hospitali. Jibu likawa Imelda. Kwamba aliachika bila mtoto, akarudi kukaa kwenye ua wa kaka yake aliyekwisha kufa, na kila siku anamtazama mjane mwenye watoto wawili wanaomtunza. Kwamba wivu ndio uliotuma kitu kifuani kwa Mama.

Baba Mdogo na wenzake wakakupigia na wewe, ukasema aondoke. Sikulaumu, ulikuwa mbali na uliogopa. Lakini aliondoka kweli, Kaka. Alifunga nguo zake kwenye shuka, akaenda Saza kwa Priska, binti wa rafiki yake wa zamani, anayewapikia wachimbaji wa dhahabu. Akawa anaosha masufuria kule, kwa umri ule. Na Mama hakuambiwa ukweli, aliambiwa shangazi kaenda kusalimia.

Majibu yalipotoka nilienda kuyachukua mwenyewe. Nilimkuta Clement maabara, kijana niliyewahi kumfundisha, siku hizi ni mtaalamu pale. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ungependa kuona?" Nikasema ndiyo. Akaniwekea kioo chenye kipande cha Mama chini ya hadubini.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nafundisha seli Kidato cha Pili. Tuna hadubini moja yenye kioo kilichopasuka, tunaisogeza dirishani kutafuta jua, na wanafunzi wanapanga foleni kutazama ngozi ya kitunguu. Seli za kitunguu zimepangwa vizuri kama matofali ya ukuta, kila moja na kiini chake. Hizi za Mama zilikuwa zimesongamana, nyingine kubwa nyingine ndogo, viini vimejaa na kuwa vyeusi, hakuna mpangilio. Nyingine zilikuwa katikati ya kujigawa. Nilitazama mpaka macho yakaanza kutoa machozi, nikashindwa kujua kama ni ya kutazama sana au ya kulia. Clement akasema, "Ni saratani, Mwalimu. Pole."

Wewe uliacha shule ulipomaliza la saba ili mimi niendelee, kwa hiyo wacha nikueleze kama ninavyowaeleza wao, maana bila hayo hutaelewa kilichotokea Isansa.

Zamani watu hawakujua mwili umejengwa na nini. Miaka zaidi ya mia tatu na hamsini iliyopita, Mwingereza mmoja aitwaye Hooke alichukua kipande chembamba cha gome, lile wanalotengenezea vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini. Akaona vijumba vitupu vimepangana. Vikamkumbusha vyumba vidogo vya watawa, akaviita kwa jina hilo la vyumba, na ndilo tunalolitamka sisi leo tukisema seli. Lakini aliona kuta tu, kwa sababu gome lile lilikuwa limekwisha kufa. Mholanzi mmoja mfanyabiashara wa vitambaa, Leeuwenhoek, ndiye aliyejisagia vioo vyake mwenyewe akatazama tone la maji ya ziwa, akaona vitu hai vinaogelea.

Baada ya hapo dunia ilikaa karibu miaka mia mbili bila kujua hayo yana maana gani. Ndipo Wajerumani wawili wakaja, Schleiden akasema mimea yote imejengwa kwa seli, na mwaka uliofuata Schwann akasema wanyama nao ni hivyohivyo. Mmea wa mahindi, ng'ombe, wewe na mimi. Na seli ndicho kitu kidogo kabisa kinachoweza kusemwa kina uhai, kidogo kuliko hicho hakuna.

Ila walikosea jambo moja. Walidhani seli mpya inaweza kujitokeza yenyewe ndani ya majimaji ya mwili, kama chumvi inavyoganda maji yakikauka. Mwenzao Remak akachungulia na kuchungulia, akaona si hivyo, seli hujigawa zikawa mbili. Wengi hawakumsikiliza. Baadaye Virchow, aliyekuwa daktari mwenye jina kubwa, akalitangaza: kila seli imetoka kwenye seli nyingine iliyoitangulia. Sifa akapata yeye. Virchow huyo alisema pia kwamba ugonjwa nao tuutafute humohumo ndani ya seli.

Hayo huwa nayafundisha kwa Kiingereza, kisha nayarudia kwa Kiswahili wanafunzi waelewe, wanayaandika, wanafaulu mtihani, yanaishia hapo. Sikuwahi kudhani nitayasema nyumbani kwetu.

Baba Mdogo aliitisha kikao Jumapili baada ya ibada. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta wa jikoni. Nikawaambia majibu. Baba Mdogo akatikisa kichwa.

"Fides, wewe umesoma," akasema. "Niambie basi. Kitu kinaweza kutokea tu, bila kutoka mahali?"

"Hapana, Baba Mdogo. Hakiwezi."

"Mmesikia!" akawageukia wengine. "Hata elimu yenyewe inakubali. Kipo kilikotoka. Yupo aliyekituma."

Kaka, nilitaka kuinuka niondoke. Nilikuwa sijalala vizuri kwa siku nyingi, na wanafunzi walikuwa wananisubiri kesho yake. Lakini nikamjibu. Nikasema kimetoka kwenye seli ya Mama mwenyewe, maana seli haitoki kwingine isipokuwa kwenye seli, haipeperuki na upepo wala hairushwi na jicho la mtu. Clement ameniambia hata chini ya hadubini zinajulikana kuwa ni za titi, zimeharibika tu. Hakuna kitu cha Imelda mle ndani.

Nilisema kwa Kinyiha ili wote wasikie, na Kinyiha hakina neno la seli, nikawa nasema vyumba. Sijui walinielewa kiasi gani. Baba Mdogo akawa anachora chini kwa fimbo yake.

Aliyeongea ni Mama. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeuzaa huu ugonjwa?"

Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. Nilikuwa nimeshughulika kumtoa shangazi kwenye lawama, nikamtwisha Mama. Nikaenda kukaa naye kwenye mkeka. Nikamwambia, "Hapana, Mama. Seli zako zinajigawa tangu ukiwa tumboni mwa Bibi. Ulipojikata mguu kwa jembe mwaka jana, ndizo zilizojigawa mpaka kidonda kikafunga. Zimekufanyia kazi maisha yako yote. Kuna moja iliharibika ikasahau kusimama. Hukuiharibu wewe, na hakuna mtu aliyeiharibu."

Aliweka mkono wake juu ya kifua. Kisha akauliza, "Imelda yuko wapi?"

Baba Mdogo akaendelea kuchora chini.

"Nimeuliza wifi yangu yuko wapi. Mnaniambia kaenda kusalimia. Kusalimia gani kusikoisha? Mlimfukuza?" Akatutazama mmoja mmoja. "Kama kitu kimetoka kwangu, yeye hakukileta. Mleteni. Yeye ndiye anayejua kunigeuza nikilala."

Nilienda Saza mwenyewe. Shangazi nilimkuta nje ya mgahawa wa Priska, mikono imepasuka kwa majivu na sabuni. Nilianza kumweleza habari za hospitali, akanikatiza. "Mwanangu, sayansi yako sijaielewa na sina haja nayo. Mama yako ameniita au hajaniita?"

"Amekuita, Shangazi."

Akaingia ndani kuchukua shuka lake.

Tuliposhuka Isansa, Baba Mdogo alikuwa amesimama kando ya barabara. Hakuomba radhi, wala hakumsalimia vizuri. Alichukua mzigo wake akaubeba mbele yetu mpaka nyumbani. Najua kwa mganga wake bado anaenda, sijambadilisha.

Mama alifanyiwa upasuaji, titi limeondolewa. Ameanza dawa za kuua zile seli zilizobaki, nazo zinamnyong'onyeza sana. Nywele zinatoka. Daktari hajatuahidi kitu, anasema wameukuta mapema kiasi, na angechelewa zaidi lingekuwa jambo lingine. Mimi nashinda shuleni Tunduma, mwisho wa wiki niko Isansa au Mbeya. Shangazi ndiye aliye naye siku zote. Analala naye chumba kimoja, anamkanda miguu, wanagombana kuhusu uji. Juzi nilisikia wanacheka.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Njoo, hata kama ni kwa siku chache, kwa sababu peke yangu nimeishiwa nguvu. Na kabla hujaja, mpigie Shangazi. Hajauliza ni nani alisema aondoke, lakini anajua. Kila simu yangu ikilia akiwa karibu, anauliza kama ni wewe.

Msalimie sana Wifi Mercy, Gibson na mdogo wake Faith. Tuntufye wa kanisani anakukumbuka kila Jumapili. Bwana akulinde njiani na kazini, akufikishe kwetu Mama akiwa bado anaweza kutoka nje kukupokea.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuhitaji,

Fides