Kicheko cha Rajabu Angani

Jumamosi, Miyuji

Wanafunzi wa leo bado wananinunia, na wanune tu. Nilipokaribia kuifikisha ndege kwenye kimo cha kuruka, nilimwona Rajabu, mwalimu wao wa kuruka kwa miavuli, akicheka peke yake. Kinyago cha oksijeni alikuwa amekivua.

“Rajabu, tuko juu ya wapi?”

“Kondoa, dada!”

Chini yetu ilikuwa reli ya Gulwe, mbali kabisa na Kondoa. Kucha za Rajabu zilikuwa za bluu; amekosa oksijeni, nikajua, ndiyo maana kalewa hivi. Nikakataza kuruka, nikaanza kushusha ndege huku wanafunzi wake wakilalamika.

Tuliposhuka kwenye hewa ya kutosha akili zikamrudia, akauliza kwa ukali mbona nimegeuza. Nilimweleza alichojibu. Hakukumbuka hata neno.

Kinachonitisha ni ile furaha. Angeruka akicheka, na asikumbuke kuufungua mwavuli...

Tulipotua hakuniaga. Ila nilimsikia akiwaambia wanafunzi, “Huyu dada akikataa, msibishane naye.”