Tunajimudu

Todmorden, Alhamisi

Mpendwa mdogo wangu Clifford,

Nakusalimu wewe na wifi Pauline. Natumaini hamjambo, na kwamba hewa ya bahari huko Brighton bado inaituliza mishipa ya fahamu ya wifi. Huku hatujambo. Mama anakula vizuri, hasa siagi tangu daktari aipige marufuku, maana anaila kwa kunikomoa.

Kwenye kadi yako ya Krismasi uliandika kwamba unafurahi kusikia tunajimudu. Ee, Clifford! Neno hilo umelilalia usingizi tangu mama apooze upande mmoja. Unajua lilivyo kwetu. Mtu akiulizwa kama anajimudu, anajibu anajimudu, hata kama anaulizwa akiwa chini ya ngazi na mguu umevunjika. Kusema hapana ni sawa na kutoka barabarani na nguo ya kulalia. Daktari aliponiuliza mimi, mama ndiye aliyejibu. Alisema Winnie anajimudu, ana mgongo wa punda, na sura ya punda vilevile. Daktari alicheka, akavaa kofia, akaenda zake. Jirani yetu Bibi Ogden huniuliza kila asubuhi, na kabla sijafungua mdomo ameshageukia nguo zake za kuanika.

Harold Sutcliffe wa pale stesheni alipotaka kunioa twende Kanada, mama alimwambia mbele yangu kwamba kama anatafuta farasi wa mkokoteni, amefika. Nikakuandikia, nikakuomba umchukue mama majira ya baridi tu. Ulijibu nusu ukurasa: wifi hajisikii vizuri, nawe huna wasiwasi, nitajimudu. Mama aliisoma sehemu hiyo kwa sauti mara mbili, huku anatafuna mkate. Nililia jikoni, nikamsikia anaomba jemu.

Basi mimi nimechoka kujimudu. Harold na mimi tulifunga ndoa Jumamosi. Ufunguo wa nyumba naurudisha kesho kwa mwenye nyumba, kisha tunapanda meli. Barua hii itakufikia kesho asubuhi, na mama atakufikia mchana. Mhudumu wa treni atamshusha huko Brighton. Nguo zake zote zimo kwenye masanduku mawili.

Ila kuna jambo lazima ulijue kabla hujaenda kumpokea. Nimemwambia kwamba miaka yote hii umekuwa ukimlilia aje kwako, na mimi ndiye niliyezichoma barua zako kwa wivu, nikaighushi ile ya nusu ukurasa. Ameniita nyoka. Kisha akanifanya nimtie vibanio vya nywele, akasema alijua tu mwanawe hawezi kumsahau. Sijamwona na furaha kama hiyo tangu baba afe. Sasa utamwambia ukweli au utamkaribisha, chagua mwenyewe.

Nisalimie wifi na mishipa yake. Chai ya mama ni sukari mbili. Ukimwuliza kama anaweza kwenda chooni peke yake, atakuambia anajimudu. Usimwamini.

Dada yako,
Winifred Sutcliffe