Maziwa ya Nyumba ya Kumi na Tisa

Jumanne, 4 Machi

Nyumba nne za mradi wa utafiti leo, miguu imewaka moto. Daktari wa Watu anatoa watu damu, mimi wa mifugo nafukuzana na mbuzi, Bwana Visima anachota maji ya kupima. Daktari ananitania: eti wagonjwa wangu wana heri, hawadanganyi. Kweli, lakini wanapiga teke!

Nyumba ya kumi na tisa. Mama mwenye nyumba mcheshi ajabu. Mbuzi wake wawili wametupa mimba mwaka huu, anasimulia huku anacheka. Mkaza mwanawe ana mimba ya miezi mitano, mpole, hasemi sana. Kliniki wamemwambia achemshe maziwa, basi huchemsha ya kwake peke yake kwenye kisufuria. Mama mkwe anamcheka: anaua utamu.

Akanipa kikombe. Ya moto bado, yametoka kwa mbuzi sasa hivi. Sheria ya mradi naijua, nimeiandika mimi mwenyewe: hatuli, hatunywi majumbani. Nikaona aibu. Nikanywa yote.

Mama akapiga makofi. “Umeona? Daktari wa mbuzi mwenyewe anakunywa! Wewe na kisufuria chako!”

Yule binti akanitazama. Nikafuta mdomo, nikatabasamu. 

Alhamisi, 20 Machi

Majibu ya mbuzi. Nyumba ya kumi na tisa: wanne kati ya saba wana brusela. Ile ile inayotupisha mbuzi mimba, hupita kwenye maziwa mabichi, na kwa watu ni homa ya kuja na kuondoka, viungo kuuma. Na mwenye mimba — najua ninachokijua.

Majibu ya nyumba moja hutoka kwa pamoja: watu, mifugo, maji. Ya watu bado, ya maji bado, Bwana Visima anasubiri dawa za kupimia. Profesa, mkuu wa mradi, hataki tuwatishe watu kwa theluthi ya jibu. Nilikubali upesi mno.

Kumwambia mtu achemshe maziwa hakuhitaji majibu wala profesa. Nilishaandika ujumbe kwa mhudumu wa afya wa mtaa wao. Nikaufuta. Ningeelezaje kuhusu kile kikombe?

Yule binti anachemsha yake. Bila shaka anachemsha.

Jumapili, 30 Machi

Mume wangu anauliza tangu lini nimekuwa mtu wa chai ya rangi. Nikamwambia tumbo. Akanitania: labda tumepata mgeni! Nikaondoka mezani, nikamwacha mdomo wazi.

Namwona yule binti kila mahali. Foleni ya benki, ngazi za maktaba. Kila mwanamke mwenye tumbo ana macho yake, na kila mmoja ananitazama mdomoni. Nimepima damu yangu kwa siri. Safi! Badala ya kushukuru nikalia chooni, bomba limefunguliwa ili fundi wa maabara asisikie.

Jumanne, 8 Aprili

Duru ya pili ya kutoa damu majumbani. Sikwenda, nilisingizia kichwa. Daktari amerudi na salamu: mama wa nyumba ya kumi na tisa anamuulizia rafiki yake wa mbuzi. Nikauliza kwa mbali, yule mkaza mwana anaendeleaje? Analalamika mgongo, na jioni anapata vijihoma. “Mimba hizo,” akasema, akaenda kunawa mikono.

Jumatano, 16 Aprili

Damu ya kwanza ya yule binti, safi. Ya pili, brusela.

Nimesoma mara tano. Mficha maradhi, kilio humuumbua — lakini maradhi niliyoyaficha mimi yako kwenye mwili wa mtu mwingine.

Daktari hakungoja majibu ya maji wala theluthi za profesa. Kampigia profesa hapo hapo, sauti imepanda. Kesho alfajiri tunampeleka hospitali. Akasema twende wote, wananipenda kule.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha uzazi. Tumemkuta ameanza kutokwa damu tangu jana. Njiani amelala kiti cha nyuma, kichwa mapajani pangu. Anawaka. Mama mkwe kiti cha mbele, haachi kuuliza: maziwa si ulikuwa unachemsha? Nani alikwambia uache?

Binti akafumbua macho. Akanitazama.

“Hakuna mtu, mama. Nilichoka tu na kuni.”

Kuni! Walikuwa na jiko la gesi, nililiona kwa macho yangu.

Nilitaka kusema. Nikampangusa jasho.

Saa mbili sasa tuko hapa. Muuguzi ametoka mara moja, kataka shuka, akarudi ndani. Daktari kaniachia fomu, inauliza: dalili zilianza lini, chanzo kinachodhaniwa. “Jaza wewe, mifugo ni yako.” Mistari mitatu mitupu. Nimeandika tarehe.

Mama mkwe amesogea ili nikae karibu. Kanishika mkono. Hacheki leo, mikono yake ina baridi. Anasema watu wa mjini hutoa watu damu kisha hupotea, mimi nimerudi, tena nimembeba mwanawe mapajani.

“Mungu akulipe, mwanangu, kama ulivyotutendea.”

Nimeitikia amina. Mlango unafunguliwa.