Maji Yanapita kwenye Uvimbe wa Mama

Alhamisi

Si saratani! Jana neno hilo nilikuwa siwezi hata kulitamka.

Daktari wa Mbeya alituonyesha picha za MRI za bega la mama. Uvimbe mbaya hubana maji yasitembee ndani yake, alisema, lakini kwenye huu wa mama maji yanapita vizuri. Na kile kinyama walichokikata kwenye uvimbe wakakipime, nacho kimesema hivyo hivyo.

Basi mama akanuna njia nzima ya kurudi. Amefinyanga vyungu maisha yake yote, na kwake kinachopitisha maji ni kibovu. Nimemweleza mara tatu, mpaka nikakasirika.

Tumefika nyumbani Lyulilo ndipo akaelewa kwamba safari hii kupitisha maji ndiyo uzima. Amecheka hadi akakaa chini.

"Mwanangu, kile chungu kilichovuja juzi usikitupe. Nakitunza mwenyewe."