Jina Lako Kwenye Kompyuta ya Zahanati

Mwajuma mwanangu,

Nakuandikia nikiwa mezani kwako. Daktari ameshaniambia mara mbili nikalie kiti chako, kile chenye mgongo, nami namjibu kwamba kiuno changu kimezoea stuli. Si kweli.

Hii ni wiki ya sita tangu tukuzike Kondoa. Zahanati ipo palepale Chang'ombe, na foleni inaanza kabla hatujafungua mlango. Nimebaki peke yangu na kompyuta, mimi mama wa watu wazima, mpiga chapa niliyepunguzwa kazi shirika letu lilipouzwa. Wewe, binti ambaye ningeweza kukuzaa, ndiye uliyenikalisha mbele yake ukaniambia, "Mama Neema, usiiogope, haing'ati."

Kuna jambo nilifanya. Juma lililopita Daktari alisema tufute jina lako kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia kwenye kompyuta. Nilibonyeza mimi. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikakaa nimeshika kipanya, kisha nikabonyeza ndiyo, nikaenda bombani kunawa uso.

Asubuhi yake ikawaka vizuri, halafu ikaandika kwamba kuna huduma imeshindwa kuanza. Kadi za wagonjwa zilizomo humo zikakataa kufunguka. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa nyaya, nikafuta vumbi, nikachomeka tena. Maneno yaleyale. Siku mbili tukaandika wagonjwa kwenye daftari, na fundi wa kompyuta wa mtaa wa Kikuyu akasema yuko safarini.

Siku ya tatu akaja yule mama Mgogo unayemfahamu, yule anayecheka kabla ya kusalimia. Hakucheka. Mtoto alikuwa anachemka mgongoni.

"Msimpe ile dawa ya siku ile," akasema. "Ilimvimbisha mdomo mpaka akashindwa kupumua."

"Dawa gani, mama?"

"Mliandika ninyi. Imo humo."

Imo humo. Kadi za karatasi zilishaliwa na mchwa, unajua. Daktari akanitazama, nikamwambia anipe muda kidogo.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukinifokea kwa upole: "Mama, usibahatishe. Soma kwanza imelalamikia nini." Nikafungua ile orodha ambamo kompyuta huandika makosa yake. Mwajuma, kulikuwa na jina lako. Mstari baada ya mstari, kila nilipoiwasha: mwajuma, imeshindwa kuingia. Mwajuma, imeshindwa kuingia. Siku tatu ilikuwa inakuita kabla sijavua hata mtandio. Nikageuka kutazama mlango, Mungu anisamehe, kana kwamba ungeingia na kuitika.

Ndipo ile Jumatatu ikanirudia.

Ulikuwa na tiketi ya basi ya Jumatatu, uende kwenye harusi ya kaka yako. Mimi ndiye niliyekusihi ukae siku moja zaidi unimalizie somo. Ulikaa. Ukanieleza kwamba kuna programu zinazoamka zenyewe kompyuta ikiwashwa, kabla hatujagusa kitu, na moja isipoamka, zinazoitegemea nazo hazisimami. Ile ya kadi ukaiandikisha kwa jina lako, kwa haraka. "Haifai kukaa kwa jina la mtu," ulisema, "mtu huhama kazi. Nikirudi tutabadilisha." Asubuhi ya Jumanne ukapanda basi, na basi likapinduka.

La Jumatatu lilifika salama. Niliuliza.

Nikaanza kukurudisha. Nikaandika jina lako upya kwenye orodha, nikabahatisha neno la siri ulilokuwa umeiwekea. Jina la mama yako. Kondoa. Jina langu, kwa ujinga wangu. Ikakataa yote. Mtoto alikuwa analia, halafu akaacha kulia, na kule kuacha ndiko kulikonitoa jasho. Nikasema basi. Nikaenda kwenye orodha ya huduma, yaani zile programu zinazoamka zenyewe, nikaifungua ile ya kadi, nikaona panapouliza iingie kwa jina la nani. Nikatoa lako. Nikachagua iingie kwa jina la kompyuta yenyewe, nikaiamuru ianze.

Ikaanza.

Dawa tuliikuta kwenye kadi, kwa maandishi yako ya herufi kubwa. Ndiyo ileile ambayo Daktari alikuwa ameshaishika mkononi. Akampa nyingine. Juzi yule mama alipita na mtoto, anatembea, ananuna.

Daktari alinisifu mbele ya wauguzi. Nikarudi kwenye stuli yangu. Sasa kompyuta inawaka kila asubuhi bila kukutaja, nami bado nafungua ile orodha ya makosa kutazama. Sijui natafuta nini. Nikikukosa naumia, na najua ningekukuta ningekimbia.

Msibani mama yako alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kukulea hapa mjini. Nami nikala na pilau yake bila kutaja tiketi.

Jumamosi nakwenda Kondoa. Nakuahidi nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba tiketi ilikuwa ya Jumatatu na mimi ndiye niliyekuzuia. Akinifukuza, nitaondoka. Akiniacha nikae, nitakaa naye mpaka aniruhusu kuinuka.

Lala, mwanangu. Mola wako akupe nafasi na mwanga huko uliko.

Mimi mwanafunzi wako,
Mama Neema