Pampu Inayodai Maji Kwanza

Jumatatu, 8 Novemba 1954
Asubuhi hewa tupu tena. Mpini unapanda na kushuka bila uzito. Binti yangu Tabitha akashuka mtoni na ndoo, akarudi, tukaimimina yote kichwani pa pampu, ndipo ikakohoa na kutoa maji. Tumeweka pampu ili tusiende mtoni, na pampu haifanyi kazi mpaka mtu aende mtoni. Jirani yangu, Mama Lusayo, alicheka ng'ambo ya ua mpaka akajishika kiuno. Hasira niliyonayo ingetosha kuivisha maharage.

Jumanne, 9 Novemba
Barua ya shule imekuja! Tabitha amepata nafasi, shule ya wasichana ya bweni, kuanzia Januari. Jibu liondoke na posta ya mwisho wa mwezi. Nimeisoma mara nne, ya nne kwa sauti.

Baba Tabitha ameisoma mara moja tu, akaikunja. "Na maji?" Basi, hilo ndilo neno lake. Mama yake anaishi nasi na nyonga imemharibika tangu alipoanguka. Mimi nina wadogo watatu na cherehani. Ametoa sharti. Pampu itoe maji asubuhi saba mfululizo bila kunyweshwa, Tabitha aende. Isipotoa, ataing'oa ampelekee mdogo wake aliyeko Isongole, na Tabitha abaki na ndoo.

Mama alikuwa mlangoni anapepeta ulezi. Hakufungua mdomo. Yuko upande wa mwanawe, bila shaka.

Alhamisi, 11 Novemba
Fundi Chanda amekuja kutoka Tunduma. Ndiye aliyetufungia pampu mwezi wa nane. Kwao ni ng'ambo ya mpaka, mkono wake mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Akafungua juu, akabadilisha ngozi ya pistoni, akanywa chai vikombe vitatu.

"Mukwai," akaniita kwa heshima ya kwao, "pampu yenu haina neno. Kisima ndicho kimechoka."

Kisima kimechoka! Nimechungulia mwenyewe. Maji yapo kimo cha mtu.

Ijumaa, 12 Novemba
Hewa tupu.

Cherehani yangu ina mwaka wa nane na haijaguswa na fundi. Pampu nayo ni chuma na ngozi tu. Nimeamua.

Nikajaza bomba maji kupitia juu, nikapaka majivu makavu kwenye kila ungio. La kisimani nililimulika jua kwa kioo cha kuchania nywele. Kufika saa nne maji yalikuwa yameshuka bombani na majivu hayajalowa hata chembe. Hayavujii kwenye maungio. Yanarudi kisimani kwa chini, penye vali, kile kilango cha ngozi kinachofunguka maji yakipanda na kujifunga yasirudi. Kinabaki wazi. Nimefurahi hadi nimechoma ugali.

Jumamosi, 13 Novemba
Tumelivuta bomba, mimi, Mama Lusayo na Tabitha. Zito kama maiti. Mama Lusayo leo hakucheka, alitweta.

Nimefungua vali. Chini ya ngozi, punje tano za ulezi, zimevimba, moja imeota. Ngozi imebonyea pale zilipokaa. Na chini kabisa kuna hesi tupu, mahali pa kufunga chujio. Chujio hakuna. Chanda huyo! Nikisikia yuko njiani nitamsubiri na mwiko.

Ulezi umefikaje kisimani sijui. Labda upepo wa kupepeta. Nimesafisha, nimerudisha.

Jumapili, 14 Novemba
Maji! Mvuto wa kwanza! Kanisani nimeimba mpaka kiongozi wa kwaya akageuka kunitazama.

Jumatano, 17 Novemba
Asubuhi ya nne. Maji. Tabitha ameanza kujifunza kutandika kitanda kwa kukunja pembe, kasikia ndivyo wanavyofanya bweni. Nimemwambia asitangulie. Mimi mwenyewe nimeshamkatia kitambaa cha gauni.

Jumamosi, 20 Novemba
Hewa tupu. Siku sita nzuri, ya saba hewa. Nimelia nimeshika mpini, sioni haya kuandika.

Tumevuta bomba tena. Ulezi tena, punje nane, mbichi kabisa. Huu si upepo. Upepo hauinui kifuniko cha mbao.

Mwenye ulezi nyumbani humu ni mmoja. Hataki mtoto aende. Anakula chakula changu, anafuliwa nguo na mimi, halafu anazika masomo ya mwanangu kisimani. Leo nimemwekea sahani bila kumtazama usoni.

Jumatatu, 22 Novemba
Nimemuuliza Mama. Nilijiandaa kugombana, hata kitambaa cha kichwa nilikikaza.

Hakukana. Kila Ijumaa akimaliza kupepeta hujikokota hadi kisimani na kutia kiganja kimoja. Ardhi iliyochimbwa ikatoa maji hushukuriwa, ndivyo mama yake alivyofanya. Wazee wa kanisa wakijua watamtenga, kwa hiyo amenyamaza.

"Nilisikia Chanda anasema kisima kimechoka. Nikaongeza. Kikikauka, mtoto hataenda."

Nilikaa chini pale pale jikoni. Wiki nzima namchukia, kumbe tunavuta kamba upande mmoja. Nimempikia chai yenye sukari nyingi. Nimeona aibu, nikamwonyesha ile vali.

Aliigeuza, akaifungua na kuifunga kwa kidole, mara nyingi. Kisha akaomba ukindu.

Jumanne, 23 Novemba
Mama amesuka kung'uto dogo, kama lile analochujia togwa ila macho yake ni mafinyu zaidi. Punje haipiti, nimejaribu. Tumelivisha chini ya vali na kulifunga kwa waya.

Ngozi ya zamani imekwisha, haikai tambarare. Nilihitaji ngozi nene. Mkanda wa Baba Tabitha wa Jumapili ulikuwa umening'inia tu. Niliuloweka tangu jana, leo nimekata duara kwa mkasi wa kushonea, nikarudishia juu yake kile kipande kizito cha risasi kilichokuwa kwenye ngozi ya zamani, ili ishuke upesi. Baba Tabitha hajui. Tumeteremsha bomba jioni jua lingalipo.

Zimebaki asubuhi saba hadi tarehe thelathini. Hakuna ya akiba.

Jumatano, 24 Novemba
Maji.

Alhamisi, 25 Novemba
Maji. Mvuto wa kwanza, baridi, safi.

Ijumaa, 26 Novemba
Maji.

Alasiri Mama amepepeta ulezi. Akanitazama. Ningeweza kumwomba aache wiki hii moja tu. Neno lilinifika ulimini. Lakini kama kung'uto halihimili kiganja kimoja cha ulezi, si kazi niliyoifanya, ni bahati. Na yeye shukrani yake si yangu kuikataza. Nikamshika mkono mpaka kisimani, nikamwinulia kifuniko. Akatia. Nimeogopa sana.

Jumamosi, 27 Novemba
MAJI! Mvuto wa kwanza, kwa nguvu, yamenirukia kifuani! Nimepiga vigelegele saa kumi na mbili asubuhi, majirani wakadhani kumezaliwa mtoto. Mama Lusayo amekuja na kanga moja. Nimemkabidhi mpini avute mwenyewe. Avute tu, na kiuno chake ajishike.

Jumapili, 28 Novemba
Maji. Baba Tabitha ametafuta mkanda nyumba nzima. Nimemwambia uko kisimani, kazini. Akafunga suruali kwa kamba ya katani na koti juu yake. Kanisani, wakati wa kusimama kuimba, aliishika kwa mkono mmoja. Sikuweza kuinua macho, nilikuwa nakufa kwa kicheko.

Jumanne, 30 Novemba
Ya saba. Amevuta Baba Tabitha mwenyewe, mvuto mmoja, mbele yetu sote. Maji yakamlowesha viatu. Akaingia ndani, akaandika jibu kwa mwandiko wake ule mzuri, akalipeleka posta kwa baiskeli kabla ya chai. Njiani alikuwa anapiga mluzi.

Nimeshinda. Tumeshinda. Mimi, Mama, na mkanda.

Mama Lusayo anauliza kama naweza kutazama pampu ya kaka yake aliyeko Mbangala. Nimesema nitafikiria. Nitakwenda, bila shaka.

Jumanne, 11 Januari 1955
Tabitha aliondoka jana na lori, sanduku lake magotini. Hakulia. Mimi nililia lori lilipokata kona.

Leo asubuhi nimemwita alete maji. Nimeita mara mbili kabla sijakumbuka.

Nikatoka na ndoo. Mama alikuwa ameshafika, ameketi kigodani kando ya pampu, nyonga yake ameiegemeza ukutani, anavuta polepole. Nikataka kumpokea. Akasema niache, zamu ni yake. Mvua imenyesha kidogo. Nimerudi ndani kuwasha moto.